Gari la kilomita 50 kwa lita: injini ya pikipiki, ya Vitz au ya pawatila?

Mkuu, umeuliza ni injini ipi kati ya ya pikipiki, ya Toyota Vitz na ya pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono) itakayokupa kilomita 50 kwa lita katika gari la watu wawili. Mimi na mafundi wenzangu wawili tulianza na swali hilohilo, na lilitupotezea karibu mwaka mzima.

Tulichagua dizeli ya pawatila, kwa kuwa dizeli hula kidogo. Ilikuwa na uzito uliozidi kilo 100, na mtikisiko wa silinda yake moja ulilegeza nati za fremu kila wiki. Ikabidi tuongeze vyuma, kisha springi, kisha breki. Uzito ukawa unazaa uzito.

Hesabu tuliyopaswa kuipiga mapema ni hii. Gari dogo la kawaida la kilo 900, likienda kilomita 90 kwa saa mahali tambarare, linahitaji takriban kilowati 8 tu kwenye magurudumu, na kama theluthi mbili yake inamezwa na hewa. Kwa kuwa nguvu inayomezwa na hewa hukua kwa mchemraba wa mwendo, kwa nusu ya mwendo huo inabaki sehemu moja ya nane, na hapo mlaji mkuu wa mafuta ni uzito pamoja na kusimamasimama. Kwa hiyo amua kwanza kama gari litaishi mjini au barabara kuu.

Watu hupenda kutaja gari la majaribio la Volkswagen la mwaka 2002, ambalo Ferdinand Piëch, mkuu wa kampuni hiyo wakati huo, aliliendesha kutoka Wolfsburg hadi Hamburg, Ujerumani, kwa lita 0.89 kwa kilomita 100, na wote husifu dizeli yake ya silinda moja ya cc 299. Mimi naona siri ilikuwa kwenye viti: abiria aliketi nyuma ya dereva, gari likawa jembamba, mgawo wa ukinzani wa hewa (kipimo cha jinsi umbo linavyopasua hewa; kadiri kilivyo kidogo ndivyo bora) ukawa 0.159 na uzito kilo 290. Injini yenye nguvu za farasi 8.5 ilitosha kwa sababu kazi ilikwisha kupunguzwa.

Injini ya Vitz ni nzuri, lakini kwenye bodi nyepesi itafanya kazi kivivu, njia ya hewa ikiwa karibu imefungwa na pistoni zikihangaika kuivuta hewa hiyo. Huo ni upotevu ambao dizeli haina. Mwishowe tulifunga injini ya bajaji ya petroli, yapata cc 200, ambayo tayari ina gia ya kurudi nyuma (ya pikipiki haina, na utaijutia siku ya kwanza ya kuegesha).

Bodi tuliipima kwa nyuzi za sufi zilizobandikwa kwa gundi ya karatasi ili tuone hewa inavyopita juu yake, mwenzetu akipiga picha kutoka gari la pembeni. Mbele nyuzi zililala vizuri. Nyuma ya magurudumu zilicheza kama kuku aliyechinjwa. Tulifunika magurudumu ya nyuma kwa bati la alumini, tukasawazisha sakafu na kurefusha mkia, kisha tukaachia gari kwenye nyutro kutoka mwendo uleule, kwenda na kurudi ili upepo usitudanganye, na kila badiliko likaonekana kwa umbali lilikosimama. Kosa moja tulilifanya hapo: mkia ulifunga hewa ya kupoza injini, ikachemka kwenye mlima wa kwanza, tukalazimika kutoboa tundu ubavuni.

Ukiweza, tuma upana na urefu wa bodi unayoifikiria, tukadirie kilowati kabla hujanunua injini yoyote.