Okestra ya Kinshasa hailipwi na serikali
Ndugu mnaosema wapigaji wa okestra ya Kinshasa, ile ya muziki wa simfoni, ni waajiriwa wa serikali ya Kongo: hapana, sivyo. Aliianzisha Armand Diangienda mwaka 1994, rubani aliyepoteza kazi, mjukuu wa Simon Kimbangu, yule nabii Wabelgiji walimfunga 1921 mpaka akafia gerezani 1951. Kwa hiyo mlezi wa okestra ni kanisa la Wakimbangu, yaani wafuasi wa nabii huyo. Wapigaji wengi mchana wanahangaikia riziki zao, jioni ndiyo mazoezi. Mwanzoni fidla zilikuwa chache, wakawa wanapokezana. Uzi wa fidla ukikatika, walikuwa wakiweka waya wa breki ya baiskeli. Hilo msibishe: hapa Kibirizi, Kigoma, nimemwona fundi Mkongomani akifumua waya wa breki, unyuzi mmoja mmoja, akaukaza kwenye gitaa na likalia vizuri tu. Misaada kutoka nje imekuja baadaye, walipokwisha kujulikana, hasa kwa filamu ya Wajerumani ya 2010. Nadhani mnachanganya na NUTA Jazz, bendi ya dansi ya Dar iliyoanza 1964. Ile kweli wanamuziki walikuwa na mshahara, ila mlipaji alikuwa chama cha wafanyakazi, NUTA yenyewe.