Kwa anayeanza ukocha msaidizi wa lakrosi chuoni

Ukiajiriwa kuwa kocha msaidizi wa lakrosi (mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu) katika chuo cha Marekani, ndugu watakuuliza utakuwa kocha mkuu lini. Wajibu upendavyo, ila swali hilo usiingie nalo uwanjani. John Desko alikuwa msaidizi pale Chuo Kikuu cha Syracuse tangu 1980 chini ya kocha mkuu Roy Simmons Jr., na timu hakukabidhiwa hadi msimu wa 1999. Baada ya hapo akatwaa ubingwa wa taifa mara tano. Wapo wengi waliozeeka wakiwa wasaidizi, na wachezaji wao wa zamani bado huwapigia simu. Kinachomdumisha mtu katika kazi hii ni kuwa na kitu kimoja anachokifundisha vizuri kuliko yeyote mwingine ofisini.

Mimi niliangukia ulinzi. Katika lakrosi ya wanaume kila timu ina watu kumi, lakini sheria ya kuotea hulazimu baadhi yao kubaki upande wa pili, hivyo mbele ya goli mnakuwa sita kwa sita, ukiacha kipa. Beki wa kwanza akipigwa chenga, wa pili humwacha mtu wake akamzibe mwenye mpira, wa tatu humchukua yule aliyeachwa, na kipa muda wote anatangaza kwa sauti mpira ulipo. Msaidizi mgeni akitazama video humkaripia beki wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyepitwa mbele ya watu. Rudisha video nyuma. Mara nyingi goli lilisababishwa na yule wa tatu, aliyechelewa hatua mbili kwa sababu alikuwa anaukodolea mpira macho. Nimeona mabeki wazuri wakivunjwa moyo kwa lawama zisizo zao, na ikishakuwa hivyo hawathubutu tena kumkabili mtu.

Tangu 2019 timu yenye mpira ina sekunde 80 za kupiga shuti. Fundisha mabeki wako kujua saa inasemaje bila kugeuza shingo. Kazi ya kuwatangazia sekunde mpe mtu wa benchi mwenye sauti. Zikibaki sekunde chache, heri watulie wamwachie mpinzani shuti la mbali kuliko kumrukia na kufungua njia katikati.

Kuhusu kocha mkuu: bishaneni, tena kwa nguvu, lakini mlango ukiwa umefungwa. Akishaamua, uwanjani uamuzi ule ni wako pia. Wachezaji werevu watakujaribu kwa upole, "Kocha, wewe binafsi unaonaje?" Mwambie unaona afanye kilichopangwa. Kocha asiyetaka kubishiwa kabisa, hata ofisini, huyo mtafutie mbadala mapema. Hutajifunza kitu kwake.

Kusaka wachezaji kutakula majira yako yote ya joto. Zamani watoto wa darasa la nane walikuwa wanaahidiana na vyuo, mpaka sheria ya 2017 ya michezo ya vyuo ikawazuia makocha kuzungumza nao kabla ya Septemba 1 ya mwaka wa tatu wa sekondari. Nafuu kubwa, kwa maoni yangu, maana nani anayeweza kumpima mtoto ambaye hajaota ndevu? Kwenye mashindano kila mtu anahesabu magoli. Wewe mtazame mshambuliaji sekunde tatu baada ya kupoteza mpira: anamkimbiza beki, au anamlalamikia mwamuzi? Na usiahidi pesa isiyo mkononi mwako. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza, lile la juu kabisa katika michezo ya vyuo, ilikuwa na fedha za ufadhili kamili 12.6 tu za kugawana kikosi kizima, na vyuo vya daraja la tatu havitoi kabisa ufadhili wa michezo. Wazazi husahau mengi, lakini tarakimu uliyoitamka hawaisahau.

Mshahara wa kuanzia ni mdogo. Nafasi ya kocha wa kujitolea ilifutwa 2023 katika daraja la kwanza, lakini wengi bado hujazia kipato kwa kambi za vijana za kiangazi. Hapa nawasemesha hasa mliotoka Uganda na Kenya mkiwa na viza ya kazi ya H-1B. Viza hiyo inakuruhusu kumfanyia kazi mwajiri aliyekuombea tu, ilhali kambi nyingi ni kampuni binafsi ya kocha mkuu, hata kama zinafanyika kwenye uwanja wa chuo. Kabla ya kupokea hata dola moja, muulize mwanasheria wa chuo anayeshughulikia uhamiaji. Usimuulize kocha mwenzako. Atakwambia mbona kila mtu anafanya.

Mkataba wako huenda ukawa wa mwaka mmoja mmoja, na kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi kwa kawaida huondoka naye. Anayemrithi akikuita mzungumze, nenda. Mweleze ulinzi unaoufundisha na mabeki gani watabaki. Yule aliyeondoka usimseme vibaya. Huenda jioni hiyo hiyo wakapigiana simu kukuzungumzia.