Swichi haigawi anwani: majibu ya maswali yenu ya mtandao

Nina kompyuta 6 na ruta yenye matundu 4, nikanunua swichi ya matundu 8. Nimeambiwa niipe anwani ya IP lakini sioni pa kuandika. Ni mbovu?

Si mbovu. Swichi ya kawaida haina mipangilio, na haihitaji anwani ya IP, ile namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao, ili ifanye kazi yake. Inachotazama ni anwani ya MAC, ile ya herufi na tarakimu 12 ambayo kila kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani. Data ikiingia kwa tundu la 3, swichi husoma imetoka kwa nani na kuandika kwenye jedwali lake: huyu yuko tundu la 3. Data ya kwenda kwa huyo ikija baadaye, inaipitisha tundu la 3 peke yake. Ikiwa mlengwa bado hajulikani, inaisambaza matundu yote isipokuwa lile iliyoingilia. Habu, vifaa vya zamani vilivyotangulia swichi, zilisambaza kila kitu kila mara, ndiyo maana zililemewa upesi.

Anwani za IP hugawiwa na ruta, kwa huduma iitwayo DHCP. Ruta ndiyo pia lango la kutokea kwenda intaneti.

Kuunga ni hivi: washa swichi, toa waya mmoja kutoka tundu la LAN la ruta, lile la vifaa vya ndani (si la WAN, la kwenda intaneti), uingize tundu lolote la swichi, kisha chomeka kompyuta zako 6. Utabakiwa na tundu moja. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig. Ukiona, kwa mfano, 192.168.1.23 na lango 192.168.1.1, umemaliza. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imeomba anwani ikakosa wa kuijibu: kagua kwanza waya wa kati ya swichi na ruta.

Swichi ni ya gigabiti moja, nyaya nimezibana mwenyewe, lakini kompyuta moja haivuki 100 Mbps (megabiti kwa sekunde). Nyingine inakatikakatika ingawa kipimaji cha waya kinawasha taa zote 8.

Hapa hapana haja ya kuilaumu swichi. Kasi ya 100 Mbps hutumia nyuzi 4 tu za waya, zilizo kwenye pini (vile vijino vya chuma vya kichwa cha waya) 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutaka zote 8. Uzi mmoja wa pini 4, 5, 7 au 8 usipogusa vizuri, mara nyingi vifaa hujishusha hadi 100 bila kukuambia. Kata kichwa, bana kingine.

Ile inayokatikakatika ina kosa baya zaidi, maana kipimaji hakilioni. Huenda umepanga rangi jozi kwa jozi: chungwa, kijani, bluu, kahawia. Kila pini inafika upande wa pili, kwa hiyo taa zinawaka. Lakini mawimbi ya pini 3 na 6 yanatakiwa yapite kwenye nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na kwa mpangilio huo yanapita kwenye nyuzi za jozi mbili tofauti. Msokoto ndio unaozuia jozi zisiingiliane. Ukiupoteza, data inaharibika njiani.

Shika kichwa cha RJ45, kishikizo kikiwa chini, pini za dhahabu juu, waya ukiingilia upande wako. Kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fanya hivyo hivyo ncha zote mbili. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa ili libanwe nalo. Jumla ya urefu kati ya vifaa viwili isizidi mita 100.

Mtandao wote ulisimama ghafla, taa zote za swichi zikawa zinapepesa kwa kasi moja.

Mtandao wako umeingia kitanzi. Mara nyingi mtu huona ncha ya waya inaning'inia, akaichomeka ukutani kwa nia njema, kumbe tundu hilo la ukutani na ncha ya pili vyote vimeungwa kwenye swichi hiyo hiyo. Ujumbe wa kwenda kwa wote ukiingia, unazunguka na kuongezeka bila kikomo, kwa kuwa fremu za Ethaneti, yaani vifurushi vya data ambavyo swichi hupitisha, hazina hesabu ya kuzikomesha kama waliyonayo paketi za IP zinazopita kwenye ruta. Chomoa waya mmoja mmoja hadi taa zitulie. Huo wa mwisho uliochomoa, ufuate hadi mwisho wake. Swichi zenye mipangilio zina kinga iitwayo STP, iwashe.

Na hiyo yenye mipangilio naianzaje?

Soma kibandiko cha chini. Kikisema 192.168.0.1, ipe kompyuta yako kwa mkono 192.168.0.50 na barakoa (subnet mask) 255.255.255.0, unga waya moja kwa moja, kisha andika anwani ya swichi kwenye kivinjari. Badilisha nywila kabla ya lolote. Halafu ipe swichi anwani iliyo ndani ya mtandao wako lakini nje ya fungu linalogawiwa na DHCP, isije ikagongana na simu ya mtu. Bonyeza kuhifadhi, swichi nyingi husahau mabadiliko umeme ukikatika kama hukuhifadhi. Ukianza kugawa VLAN, yaani mitandao midogo iliyotengana ndani ya swichi moja, acha kwa mwisho tundu ulilochomekea kompyuta yako, la sivyo utajifungia nje na kulazimika kuirudisha swichi kwenye hali ya kiwandani.