Kupiga jazz na fyusheni redioni Mwanza: anza na kile wanachokijua

Ukitangaza Mwanza kwamba saa tatu usiku utapiga jazz, msikilizaji wa Kirumba au Igogo atakaa mkao wa kumsikia Mbaraka Mwinshehe. Ana haki. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, na kule Kinshasa OK Jazz ya Franco, zote zilibeba jina hilo na zote zilipiga dansi. Upande wa Kenya wa ziwa letu, Victoria Jazz walipiga benga. Kwa hiyo usimsahihishe mtu hewani. Sema tu kwamba leo ni ile jazz ya Marekani na ndugu zake wa Afrika, na kwamba tarumbeta litafanya kazi ambayo kwenye dansi amezoea kuisikia kwa gita la solo. Inatosha. Historia ya New Orleans ataitafuta mwenyewe akishapenda.

Kibao cha kwanza kiwe kifupi chenye mdundo unaoshikika. Grazing in the Grass ya Hugh Masekela (1968) haifiki dakika tatu, inaanza na kengele, na abiria wa daladala anatikisa kichwa kabla tarumbeta halijaingia. Fuatisha Mannenberg ya Abdullah Ibrahim, ya 1974. Ni ndefu, zaidi ya dakika 13, lakini piano inazunguka palepale kama sebene lisilotaka kukoma, huku saksafoni ya Basil Coetzee ikiimba juu yake. Hapo mtu ameshakaa robo saa bila mwimbaji na hajahama. Sasa mpeleke kwa mpiga tarumbeta Miles Davis au kundi la Weather Report. Ukifungua kipindi na Bitches Brew ya Miles kwa sababu tu unaipenda wewe, utawapoteza wengi kabla ya saksafoni ya kwanza.

Kwenye fyusheni, yaani jazz iliyochanganywa na roki na funk, sisi tuna bahati ambayo watangazaji wa kwingine hawana. Mpiga piano Herbie Hancock alijiita Mwandishi, na mwaka 1971 akatoa albamu yenye jina hilo. Wenzake nao walichukua majina ya Kiswahili: Buster Williams wa besi ni Mchezaji, Billy Hart wa dramu ni Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na kweli alisomea udaktari. Yasome majina hayo taratibu kabla ya kupiga. Jabali, kwa watu wa jiji la miamba, halihitaji maelezo.

Kisha Watermelon Man, ile ya albamu ya Hancock ya Head Hunters (1973), si ya 1962. Inaanza na Bill Summers akipuliza chupa ya bia, akiiga upulizaji wa watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Ioneshe kwa sauti. Chukua chupa tupu ya soda, egemeza ukingo wake kwenye mdomo wa chini, puliza pumzi ipite juu ya tundu, isiingie ndani. Kipaza sauti kiwe pembeni, umbali wa shubiri moja. Kikikukabili, pumzi itakipiga na kuvuma vibaya hewani. Ukitia maji kidogo sauti inapanda. Puliza mara tatu, kisha shusha sindano bila kuongeza neno. Albamu hiyohiyo ina Chameleon, zaidi ya dakika 15. Kama matangazo yanakubana, ififishe pale mdundo unapobadilika, karibu na katikati. Usimkate mtu akiwa ndani ya solo.

Sasa mitambo. So What ya Miles Davis, kwenye Kind of Blue (1959), inaanza kwa piano na besi zikinong'ona. Stesheni nyingi zina kifaa cha kupima ukimya: sauti ikishuka mno kwa sekunde kadhaa, kinadhani studio imekufa na kurusha muziki wa akiba. Mwambie fundi mapema, na pandisha sauti mwanzoni, uirudishe pole pole besi inaposhika mwendo wake. Mtambo unaobana sauti nao utainua kila mkwaruzo katika sehemu hizo tulivu, kwa hiyo sahani iwe imesafishwa kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, si ya bomba. Sahani za kale za mizunguko 78 usiziguse kwa spiriti. Inayeyusha ile lakiri (shellac) zilizotengenezwa nayo.

Kosa baya kuliko yote halisikiki studio. Katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, ina nyaya nne: nyeupe na bluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Ukigeuza nyaya za upande mmoja, studio yenye spika mbili inasikika karibu kawaida, ila besi imekonda. Lakini kwenye redio ndogo ya spika moja pande mbili zinafutana, na mpiga solo aliye katikati anatoweka kabisa. Bonyeza kitufe cha mono kwenye mikisa kabla ya kipindi. Besi ikipotea, fungua katriji.

Mashine za kupigia sahani za mitumba kutoka Marekani, nyingine zina mota inayofuata hezi 60, na umeme wetu ni hezi 50. Sahani ya mizunguko 33 itazunguka chini ya 28, saksafoni iwe kama mtu mwenye usingizi. Transfoma hupunguza volti tu, haigusi hezi. Kinachotakiwa ni puli (kigurudumu cha mota) ya hezi 50. Jenereta lisilotulia huleta ugonjwa huohuo. Ila mpiga gita akikulalamikia kwamba So What haikubaliani na gita lake, angalia kwanza nakala: matoleo ya kabla ya 1992 yana upande wa kwanza unaokwenda kasi kidogo, kwa sababu mashine ya kurekodia ilikuwa na kasoro.

Majina yataje mara mbili, kabla na baada ya kibao, na la mpiga muziki ulitaje herufi kwa herufi. Mvuvi wa dagaa aliye majini siku za giza ameshika nyavu, hana mkono wa kuandika, na hadi atakapofika soko la Mwaloni alfajiri jina hilo litakuwa kichwani tu.