Sukuma na chainizi: hesabu kromosomu kabla hujagusa ua

Mkuu, weka pakiti za mbegu chini kwanza. Umesema unapanda sukuma wiki na chainizi mstari kwa mstari, nyuki wachanganye, halafu uvune chotara uwauzie majirani. Utavuna mbegu za sukuma na mbegu za chainizi, basi. Nyuki hawafungishi ndoa za namna hiyo.

Ukichavusha kwa mkono ndiyo utaumia zaidi. Sukuma ina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 18, yaani jozi 9. Chainizi ina 20, jozi 10. Mtoto anachukua 9 huku na 10 kule, anabaki na 19 ambazo hazina pacha wa kweli. Zikifika kwenye kutengeneza chavua zinagawana ovyo kama mirathi isiyo na wosia. Na mmea wenyewe unastawi kweli kweli! Ni nyumbu, yule mtoto tasa wa punda na farasi, aliyeota majani. Yule "mtaalamu" wa semina aliyenihakikishia "zote ukoo mmoja, zitazaa tu" sijui kama aliwahi kupasua hata ganda moja. Mimi nilimwagilia nyumbu msimu mzima nikingoja mbegu.

Usingoje. Ua la kwanza la chotara likichanua, sugua chavulio (kifuko cha chavua) kwenye ukucha. Ua zima huacha vumbi la njano, tasa haliachi kitu. Maganda yake nayo hubaki membamba, bila vinundu vya mbegu. Mwenye hadubini adondoshee asetokamini, rangi nyekundu ya maabara: chavua nzima hujaa wekundu, mbovu husinyaa na haishiki rangi.

Wala namba zikilingana usishangilie. Figili na kabichi zote zina jozi 9. Karpechenko, Mrusi, alizichanganya miaka ya 1920 na chotara wakawa karibu tasa kabisa, maana kromosomu za figili haziungani na za kabichi. Mbegu chache zilizopatikana zikaotesha mimea yenye 36, idadi imerudufika, na hiyo ikazaa. Loshuu, ile mboga ya majani ya Arusha, ni hivyo hivyo: haradali nyeusi (8) na jamii ya kabichi (9) zilikutana, 17 ikawa 34. Kila kromosomu ina mwenzake, ndiyo maana inajaza maganda.

Ukishupaa, chukua tumba la kufunguka kesho, ng'oa stameni (viungo vya kiume) zote 6 kwa kibano, paka chavua ya mmea wa pili, funika kwa mfuko wa karatasi. Kiinitete mara nyingi hufia ndani ya ganda, kwa hiyo kinatolewa mapema, wiki mbili hivi, na kukuzwa maabara. Mche ukitoka, unawekewa pamba yenye kolkisini, dawa ya kurudufisha kromosomu, ya 0.1% kwenye ncha inayokua, saa kadhaa. Vaa glavu, ile ni sumu kali. Hata hapo tawi moja hurudufika, la jirani likabaki tasa vile vile. Lenye maua makubwa yanayotoa vumbi lifunge uzi mwekundu, uvune hilo tu.