Jibu: Kwa nini Antwerp, bandari ya Ubelgiji, ilidorora ilhali mto wake haukukauka?

Mkuu, tatizo halikuwa mto Scheldt wenyewe, lilikuwa mlango wake, pale unapoingia baharini. Antwerp iko kilomita 80 hivi kutoka baharini, na kingo zote mbili za mlango ni ardhi ya Uholanzi hadi leo. Wahispania walipouteka mji mwaka 1585, Waholanzi waliubana mlango. Mkataba wa Münster wa 1648, wa amani kati ya Hispania na Uholanzi, ukahalalisha kufungwa huko. Wafanyabiashara wakahamia Amsterdam na mitaji yao.

Wafaransa waliufungua mto 1795. Baada ya Ubelgiji kujitenga na Uholanzi, Uholanzi iliruhusiwa mwaka 1839 kutoza kila meli ushuru, na ushuru huo ulikomeshwa kwa malipo ya mkupuo 1863. Hapo ndipo bandari ilipopaa. Pembe za ndovu na mpira uliokamuliwa kwa damu ya Wakongo vilishushwa bandarini hapo, na hilo lisisahaulike.

Mfano mzuri zaidi wa nguvu ya mlango huo ni 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia. Majeshi ya Washirika yaliteka gati zikiwa karibu nzima tarehe 4 Septemba, lakini Wajerumani walibaki mlangoni, kisiwani Walcheren. Ilibidi wang'olewe kwanza, kisha mabomu ya majini yateguliwe. Msafara wa kwanza wa meli za mizigo uliingia 28 Novemba.

Leo kikwazo ni kujaa na kupwa kwa maji, tofauti ya mita 5 hivi. Kwa hiyo meli nyingi hupitia vyumba vyenye milango miwili: meli inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanasawazishwa, wa mbele unafunguka. Chumba cha Kieldrecht, kilichofunguliwa 2016, kina urefu wa mita 500 na upana wa mita 68. Meli kubwa za makontena hukwepa foleni hiyo kwa kutia gati Deurganckdok, sehemu ya bandari iliyo wazi kwa mto bila vyumba hivyo.