Mvi na rangi ya fremu ya miwani

Shikamoo mama. Umesema mvi zimejaa kichwa kizima, na fremu ya rangi ya fedha uliyonunua Mwanga inakupausha. Ni kweli: fedha na kijivu humezwa na nywele. Jaribu damu ya mzee, bluu iliyokoza, au kahawia yenye mabaka kama gamba la kobe. Nyeusi tupu hukaza uso, mimi siishauri.

Soma namba ndani ya mkono wa miwani, mfano 52-18-140: upana wa lenzi, daraja la pua, urefu wa mkono, kwa milimita. Daraja likiwa dogo miwani hubana pua na kuacha alama, likizidi, huteleza.

Ukiona ukungu au jicho likiuma, fremu isubiri. Nenda kwanza hospitali ya Maweni ukapimwe macho.